Uwanja Uliozungushiwa Mstari

Nilitumikia halmashauri ya jiji, idara ya ramani, hadi nilipostaafu. Uzembe niliuona mwingi, lakini uzembe wenye fulana mpya na kitambulisho shingoni sikuuona mpaka wachora ramani wa kujitolea walipofika kwetu Ziwani.

Nyumba zetu zimeuzunguka uwanja wa changarawe, na ukingoni mwa uwanja huo umepita mtaro. Gari linalomfuata mgonjwa hukata katikati. Akina mama huinua kamba za nguo kwa miti, watoto husimamisha mpira, gari linapita. Hakuna aliyewahi kulitungia sheria jambo hilo.

Jirani yangu wa upande wa pili, mjane wa fundi wa reli, husafishwa figo kila juma. Gari la kliniki humfuata mlangoni, kwa kuwa miguu yake haimfikishi barabarani. Madereva hubadilika, na kila mgeni huongozwa na ramani ya simu.

Mratibu wa wale wachoraji aliufuata ukingo wa uwanja kwa mstari kwenye ramani hiyo ya simu, akaufunga ulipoanzia, akaubandika lebo ya barabara, akaenda zake kunywa soda. Juma lililofuata simu ikampeleka dereva mgeni kando ya mtaro, gurudumu likatumbukia. Mjane aliikosa zamu yake. Siku ya pili miguu yake ilikuwa imevimba hata ndara zikamkataa.

Nilimkuta mratibu kwenye ukumbi wa kanisa.

"Mzee, hiyo loop imefunga poa kabisa," alinieleza.

"Na gari lipite juu ya maji?"

Mama mmoja aliyekuwa akifagia akadakia, "Labda anataka tumwanike dereva pamoja na shuka!"

Mratibu akacheka. "Ingia tu u-edit, mzee wangu. Map ni ya kila mtu."

Ya kila mtu! Ndivyo wasemavyo watu wasiotaka kuulizwa.

Niliusoma mwongozo wao, ambao ni dhahiri wao hawajausoma. Umeeleza bila kuficha: mstari uliofungwa ukipewa lebo ya barabara husomwa kuwa barabara ya mzunguko, wala si ardhi iliyo ndani yake, mpaka uongezewe lebo ya eneo. Hata hapo simu hufuata mistari tu. Basi nikaweka lebo ya eneo, kisha nikachora njia ya kukatisha uwanja, kutoka barabarani hadi mlango wa mjane. Mratibu aliniandikia, "Kazi safi mzee," kana kwamba nilikuwa mwanafunzi wake.

Zamu iliyofuata gari lilikuja moja kwa moja, na dereva alikuwa mgeni tena.

"Umeijuaje njia, mwanangu?" mjane alimuuliza akipanda.

"Simu imenileta, mama."

"Simu!" akasema, akinitazama.

Nilikuwa nimeinua kamba ya shuka kwa mti, na mkono ulianza kuchoka.