Siku Nyuki Walipolamba Bani la Baba Mkwe

Mkisikia mtu pale Nsemulwa ananiita "Asali", tafadhali msidhani ni jina la mahaba. Ni aibu yangu hiyo, ina miaka miwili sasa na haijapoa, na nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu baba yangu mdogo Leonadi anaisimulia kwenye kila msiba na kila harusi, na kila akiisimulia nyuki wanaongezeka, mara ya mwisho walikuwa wameshafika mpaka nyuki wa Kapalamsenga huko ziwani, kwa hiyo acheni niwape ya kweli, ambayo nayo ni mbaya ya kutosha.

Mimi ni fundi wa mabango. Ukiona saluni hapa Mpanda imechorwa mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni na jicho moja kubwa kuliko lingine, jua ni mkono wangu (jicho la pili linanishinda tangu zamani, wateja wameshazoea). Lakini mabango ni ya ugali tu. Roho yangu iko kwenye rangi za maji, zile za vidonge unazolainisha kwa brashi iliyolowa, boksi lake niliagiza Dar, na nikipata nafasi natoka nje ya mji na pikipiki kwenda kuchora mashamba, vihenge vya mahindi, ng'ombe kama wakikubali kutulia, na zaidi ya vyote mabani. Bani, kwa nyie msiolima tumbaku, ni ile nyumba ndefu ya matofali ya kukaushia majani, haina dirisha la maana, ina tanuru na mlango mmoja, na jua la jioni likiipiga ubavuni inatoa rangi ambayo mpaka leo sijaweza kuichanganya.

Sasa, huko Ugalla kulikuwa na bani, na pembeni ya bani kulikuwa na nyumba, na kwenye hiyo nyumba alizaliwa Yustina.

Yustina alikuja mjini kujifunza ushonaji, tukajuana, tukapendana, tukafika mahali pa kusema sasa wazee wajue. Akaenda kwao kumwambia baba yake. Baba yake ni mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, bani lake alilijenga mwenyewe kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, na alipoambiwa kwamba mchumba ni kijana wa kuchora aliuliza swali moja tu, ambalo Yustina aliniletea kwa simu huku analia: "Huyo mwanaume atamlisha mwanangu picha?"

Nyie, swali hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Baba mdogo Leonadi, ambaye ndiye niliyemfanya mshenga wangu, alinishauri niazime shamba la mtu nipigwe picha nimeshika jembe. Nikakataa. Nikasema mzee ameuliza kuhusu picha, atajibiwa kwa picha, nitamchorea bani lake na nitampelekea siku ya posa, akiliona atalengwa na machozi, na akilengwa na machozi amekwisha. (Ndivyo nilivyopanga. Mtu akipenda, akili inahamia kwa jirani.)

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nikaenda Ugalla kimyakimya, nikakaa ng'ambo ya shamba chini ya mti, mbali kiasi kwamba ukiniona utadhani ni mchunga ng'ombe aliyepoteza ng'ombe. Sijakaa vizuri, mara akatokea mama mmoja kajifunga kanga nyekundu, akasimama mbele ya mlango wa bani, mkono kiunoni, amenipa mgongo, analitazama juu mpaka chini kama mtu anayemkagua mtoto kabla ya kwenda kanisani. Nikajua huyo ni mama mkwe. Na kwetu huku mama mkwe hatazamwi hovyo, humpi mkono, hukai naye mkeka mmoja, mkikutana njiani mmoja wenu anaingia porini mpaka mwenzake apite. Lakini mgongo si uso, ndugu zangu. Nikamwahi kwa rangi nyekundu, brashi tatu nne tu, naye akaingia ndani, nikabaki na bani lenyewe.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Rangi ya maji inataka ikae imelowa kidogo ili itambae yenyewe kwenye karatasi, sasa jua la mwezi wa tisa la Ugalla halina utani, napaka mstari, kabla sijarudisha brashi kwenye kopo umeshakauka, bani lote likaanza kuonekana limepigwa viraka. Nikakumbuka niliwahi kusoma kwenye simu kwamba wachoraji wa zamani walikuwa wanatia asali kwenye rangi ili isikauke haraka. Asali! Na mimi niko Ugalla, nchi ya mizinga! Na kwenye pikipiki nina chupa nzima niliyonunua barabarani!

Walisema tone. Na mimi, Mungu ni shahidi, nilianza na tone. Rangi ikatambaa vizuri ajabu, matofali yakaiva, kivuli kikakaa pale ninapokitaka, nikajiambia kama tone moja linafanya hivi, kijiko je? Nikatia kijiko. Nikatia cha paa. Nikatia cha anga. Nilipomaliza, bani lilikuwa linameremeta kama kiatu cha bwana harusi, na mimi nilikuwa nimesimama porini peke yangu nacheza.

Kasoro ilikuwa moja tu, halikukauka. Siku ya pili likanata, siku ya tatu likanata, wiki nzima nalianika na kulianua kama dagaa, na Jumapili ya posa ilipofika nikasema litakaukia njiani, nikachukua gazeti la udaku lililokuwa mezani nikalifunga nalo, tukaondoka.

Kwao Yustina walitupokea vizuri, turubai limefungwa uani karibu na bani lenyewe, wazee viti vya mbele, wanawake kwenye mikeka, na mama mkwe amekaa mbali kabisa amenigeuzia bega kama inavyopasa. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukaa kimya na kutazama vidole vya miguu yangu. Baba mdogo akasema maneno yake, ya jogoo wetu kuona mtetea kwenu, watu wakaitikia, mambo yanakwenda, mpaka akafika pale tulipopanga: "Na kijana wetu hakuja mikono mitupu. Ana zawadi ya baba."

Nikasimama. Nikashika gazeti, nikavuta. Gazeti likagoma. Nikavuta tena, huku natabasamu, likachanika, upande wa bani ukatoka salama, lakini kule juu kwenye anga la picha likabaki pande la gazeti limeganda kama plasta, na kwenye pande hilo lilikuwepo tangazo la mganga. Shangazi yake Yustina (mtu ambaye akikuta maandishi popote lazima ayasome kwa sauti, hata kwenye mfuko wa chumvi) akasogea, akakunja macho, akaanza.

"Je... unasumbuliwa... na upungufu... wa nguvu za kiume?"

Wanawake kwenye mikeka wakaziba midomo kwa kanga.

"Hilo si lake!" Baba mdogo aliruka kutoka kwenye kiti. "Hilo ni la gazeti, jamani! Kijana wetu ni mzima! Mzima kabisa!" Jambo ambalo hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameliuliza.

Baba mkwe alinyoosha mikono yake mikubwa, akaichukua picha, akaisogeza karibu, akaitazama, nami nikaona kabisa uso wake umeanza kulegea. "Hili ni bani langu," akasema polepole. Halafu akataka kutoa kidole gumba, hakikutoka. Akanusa. "Mbona linanukia?"

Nyuki wa kwanza alitua kwenye paa. Nikajifanya simwoni. Wa pili akatua kwenye ukuta, wa tatu akaja na ndugu zake, na nyie mnajua miti ya kule ilivyo na mizinga, kabla mtu hajasema "hodi" bani lilikuwa limejaa, baba mkwe akaibwaga picha chini kwenye majani. Na hata hapo tungepona, kwa sababu nyuki aliyepata asali hana shida na mtu, ila baba mdogo Leonadi alivua kofia yake akawapiga nayo, huku anawaambia, "Tokeni hapa! Hii ni posa!"

Wakatoka, ndiyo. Wakatujia sisi.

Sijui ni nani aliyeanza kukimbia, najua turubai lilituangukia, viti vikapinduka, soda zikamwagika, shangazi ananipita kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri ule, na baba mkwe anapiga kelele, "Bani! Ingieni bani!" Mimi wakati huo nimeshadungwa sikio, sioni mbele kwa turubai, nikaona mkono wa mwanamke umenyooshwa unapapasa, nikaukamata, nikakimbia nao, tukaingia wote mlangoni na mlango ukafungwa nyuma yetu, giza totoro. Nikaukumbatia ule mkono kifuani kwangu. Nikasema, kwa sauti ya kiume, wote wasikie:

"Usiogope mpenzi wangu. Nipo."

Kutoka pembe ya mbali kabisa ya bani ikaja sauti ya Yustina: "Fideli? Unaongea na nani?"

Nyie. Mkono ule ulikuwa na kiganja kigumu cha kuchoma kuni na kufunga tumbaku miaka na miaka, na ulikuwa umeanza kutetemeka ndani ya mikono yangu. Nikauachia kama nimeshika kaa la moto, nikarudi nyuma nikamkanyaga shangazi. Jirani yangu mmoja alipomgusa mama mkwe wake bahati mbaya sokoni, kikao kilikaliwa wiki mbili, na yeye wala hakumwita mpenzi. Nikasikia baba mdogo ananong'ona, "Tumekwisha, Fideli. Tafuta tu njia ya kurudi mjini." Na mimi, wenzangu, nilimwona Yustina anaolewa na mtu mwingine, mtu mwenye ekari, na nikatamani kurudi nje kwa nyuki wakanimalize.

Halafu vumbi la tumbaku likaanza kazi. Msimu ulikuwa umekwisha na bani lilikuwa tupu, lakini vumbi lake haliondoki, na sisi tulikuwa tumelitimua kwa miguu. Akapiga chafya shangazi. Nikapiga mimi. Akapiga baba mdogo mara tano mfululizo, na kila chafya anasema "samahani wakwe", na ndipo nikagundua kwamba mama mkwe hatetemeki kwa hasira. Alikuwa anacheka. Alikuwa anajizuia tangu muda ule, na chafya ya tano ikamshinda, akaangua kicheko ambacho nadhani bani lile halikuwahi kukisikia.

Baba mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka jicho kwenye ufa wa mlango.

"Wanaila," akasema.

"Nani anakula nini?" shangazi akauliza.

"Nyuki. Wanaila picha. Paa wamemaliza, sasa wako ukutani." Mimi nikafumba macho ingawa kulikuwa giza. "Mimi nilisema picha haziwezi kulisha mtu," akasema. "Kumbe huyu ya kwake moja inalisha mizinga yote ya Ugalla."

Hapo hakuna aliyebaki mzima. Bani zima ni vicheko na chafya, watu wanashikana mbavu, na katikati yake nikasikia sauti ya baba mkwe, sasa yenyewe inatikisika, "Leonadi, posa tumepokea. Mchukueni mtoto kabla huyu hajatuua. Ila mkono wa mke wangu aliouvuta ni mbuzi mmoja, na lile 'mpenzi wangu' ni mbuzi wa pili."

Jua lilipopoa na nyuki wakarudi kwao tukatoka, tumevimba, mdomo wa baba mdogo umekuwa kama kitumbua. Picha ilikuwa pale pale kwenye majani. Matofali yangu, vivuli vyangu, anga langu, vyote vimelambwa mpaka karatasi nyeupe. Vilibaki vitu viwili, tangazo la mganga na ule mgongo mdogo wenye kanga nyekundu, kwa sababu yeye nilimchora kabla ya asali. Baba mkwe akaiokota aitupe. Mama mkwe akamwendea akaichukua mkononi mwake.

"Huyu ni mimi," akasema. Hakuniangalia, alisema na karatasi. "Miaka yote nachochea tanuru la hili bani. Hakuna aliyewahi kuniona hapa mlangoni."

Nilifurahi nikataka kulia, na nilipolia watu wakadhani ni sikio.

Yustina ni mke wangu sasa. Picha iko sebuleni kwao, kwenye fremu, na tangazo lake, maana ukilibandua karatasi inapasuka mpaka kwa mama, na kila mgeni anayeingia analisoma, anaguna, halafu, nikiwepo, ananitazama mimi kwa huruma. Nimejifunza kwamba wachoraji wa zamani wakisema tone wamemaanisha tone, na nimeapa kwamba rangi yangu na ikauke, ipasuke, ipigwe viraka, asali haitaigusa tena mpaka nazikwa. Mama mkwe ananisaidia kushika kiapo. Kila tukienda kuwasalimia, wakati wa kuondoka, anakaa mbali kama desturi inavyotaka, anamtuma Yustina na chupa ya asali, na nikishawasha pikipiki ndipo anapaza sauti kutoka mlangoni mwa bani, majirani wote wasikie: "Ya chai hiyo, mwanangu. Ya chai!"