Nuala na Meko ya Delia

Nuala Geraghty aliolewa kwenye nyumba ya mtu, nami sioni namna nyingine ya kulisema hilo. Aliingia na sanduku la mikasi, maana alikuwa mkata nywele mjini Castlerea, pamoja na mapazia ya maua aliyoyashona mwenyewe. Mapazia yakabaki kwenye karatasi yake. Nyumba ilikuwa na mapazia tayari, ya Delia, mama mkwe wake. Sufuria zilikuwa za Delia, kuku wa Delia, na pale sebuleni palikuwa na meko ya Delia, ya kuotea moto.

Yalikuwa na vigae vya kahawia kuanzia sakafuni mpaka kifuani pa mtu, na katikati vichache vya rangi ya haradali, sijui ili kuchangamsha au kutukomoa. Delia aliyajengesha akiwa bibi arusi, kwa fedha ya batamzinga wake wa Krismasi, na enzi hizo watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuyatazama. Enzi zikapita, meko yakabaki. Nuala kapika katika nyumba hiyo, kazaa humo, kakamua ng'ombe wao alfajiri na mvua, na bado sisi majirani tukialikwa tulisema tunakwenda kwa Delia.

Kisha ikafika zamu yao ya Misa. Huku kwetu Misa huzunguka kijiji nyumba kwa nyumba, na nyumba ikifikiwa halali mtu: kuta zinapakwa rangi, mitaro inazibuliwa, mpaka banda la kuku linapigwa deki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengine wetu tusingekuwa na choo cha ndani hadi leo kama si kumwogopa Padri Tierney.

Wiki hiyohiyo Delia akaenda Galway kwa binti yake kutolewa mtoto wa jicho. Paka akiondoka, panya hutawala. Mchana wake tu Nuala alikuwa mlangoni kwangu.

"Bernie, una brashi nzuri?"

"Ya kupaka nini?"

"Meko."

"Meko ya Delia?"

"Kwani yako mengine?" Akacheka. "Misa ya nyumba yangu haisomwi mbele ya vigae vile. Akirudi akinifukuza, nitajua nilikuwa mpangaji. Asiponifukuza, basi hapa ni kwangu."

Nilimfuata, brashi mkononi. Mumewe, Malachy, alikuwa amesimama katikati ya sebule kama anayelinda maiti.

"Nuala, Mama ataniua."

"Atakuua saa ngapi? Utakuwa umejificha bandani na ng'ombe, kama kawaida yako."

"Si bora tuyabomoe, tuweke mapya ya kisasa?"

"Kwa hela ipi? Juzi umenunua fahali. Haya, mwambie fahali atujengee meko."

Malachy akaenda zake bandani.

Nuala hakubahatisha kitu. Alisugua vigae kwa maji ya moto na magadi mpaka masizi ya miaka yakatiririka, akavipiga msasa hadi ule mng'ao ukafa, maana rangi haishiki kwenye kioo. Akabandika utepe wa karatasi pembeni, akapaka rangi ya msingi, akangoja. Halafu ikaja rangi ya maziwa, mkono mwepesi, ikakauka, akarudia. Mimi nilikuwa nashindilia, akanipokonya brashi. "Ukipaka nene kama siagi, itateleza kama siagi," akasema. Kizimba cha chuma kinachozunguka moto alikipaka rangi nyeusi ya majiko, ile inayostahimili moto. Kule ndani kabisa moto unakokaa hakugusa. Tulipobandua utepe, sebule ilikuwa imekua. Nilisikia wivu, nakiri, nikaanza kuyachukia meko yangu mwenyewe.

Delia alirudi jioni ya kuamkia Misa. Mimi nilikuwa mezani nafuta bilauri. Alivua koti, akavua kofia, akasimama mbele ya meko na jicho lake jipya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Kafa nani," akauliza mwishowe, "mpaka meko yakavikwa sanda?"

"Hajafa mtu, Mama. Vigae vilikuwa rangi ya chai iliyolala."

"Vigae vile nilivinunua kwa batamzinga wangu. Mwenyewe."

"Najua. Na kabla yake palikuwa na nini?"

"Meko ya mawe. Ya mama wa marehemu mume wangu."

"Akasemaje ulipoyavunja?"

"Hakunisemesha mpaka Pasaka."

"Na wewe utaninunia mpaka lini?"

"Bado sijaamua," alisema Delia, akaenda kulala bila chai. Nuala alisimama wima mpaka mlango ulipofungwa, kisha akakaa kwenye kiti, uso mweupe kuliko vigae. Sikuwahi kumwona hivyo.

Asubuhi nyumba ilijaa. Padri alisoma Misa kwenye meza ya chakula, Delia akiwa kiti cha mbele, mdomo ameubana. Baada ya baraka zikaja sahani za nyama na mikate, na watu wakaanza kusema maneno yaleyale: nyumba yako imependeza, Delia. Delia hakuitikia wala hakukanusha. Nuala alikuwa akipita na birika, anatabasamu kwa meno tu.

Sasa mwanamume wa huku hawezi kuingia sebuleni asiyape meko mgongo, yawe na moto au hayana. Packie, kaka yake Delia, mtu mzito, alichukua sahani yake, akarudi kinyumenyume, akaegemea. Rangi ilikuwa imekauka lakini haijakomaa.

"Packie!" Sauti ya Delia ilitikisa vikombe. "Toa makalio yako kwenye meko ya Nuala!"

Packie aliruka, mkate ukaanguka. Hakuna aliyecheka. Tulisikia sote, na kila mmoja alijua amesikia nini.

"Mnanikodolea nini?" akasema Delia. "Rangi bado mbichi."

Nuala alikuwa amesimama mbele ya Padri, birika limeshainamishwa. Akaliinua tena, akamwacha Padri na kikombe chake kitupu, akavuka sebule nzima kwenda kummiminia Delia kwanza, na nusu ya chai ikaingia kwenye kisahani.