Achari ya Maembe ya Kibenga

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu sikuruhusiwa kupika chochote cha kuwekwa mbele ya mgeni. Nilimenya, nilitwanga, nilisugua masufuria mpaka nikajiona uso, lakini sufuria ikishakaa motoni mama mkwe wangu alinitoa jikoni kwa adabu kubwa. "Pumzika, mukamwana," alikuwa akisema. Nilipumzika hadi nikatamani kupiga kelele.

Ukoo wao asili yake ni Oman, wauza vitambaa waliokaa mtaa wa Asiatique tangu enzi za babu zao. Mimi ni binti wa fundi magari wa Cibitoke. Sote Waislamu, sote watu wa Bujumbura, ila kwao pilau ilipikwa kwa vipimo na kwetu tulikula kilichopatikana tukashukuru. Hakuwahi kunitukana. Angenitukana ningejua la kumjibu, maana ulimi ninao. Aliniheshimu tu, vile mgeni anavyoheshimiwa, na heshima hiyo ilinikera kuliko matusi. Nilikuwa nataka jambo moja tu: niwe mwenyeji katika jiko lile.

Ramadhani ya mwaka huo iliangukia msimu wa maembe. Vita vilikuwa bado milimani, na sukari ilikuwa imeadimika madukani kwa sababu ya vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani, kwa hiyo habari ya jamu hakuna aliyeitaja. Chumvi lakini tulikuwa nayo, karibu gunia zima, imewekwa stoo tangu kabla mambo hayajaharibika. Asubuhi moja mama mkwe akatangaza kwamba tunakwenda shambani Kibenga kuchuma maembe mabichi, tutengeneze achari ya mwezi mzima.

Tukapanda kamioneti ya mume wangu: yeye kwenye usukani, mama mkwe pembeni yake, mimi na wifi yangu nyuma pamoja na magunia matupu. Wifi alikuwa msichana mcheshi, bado hajaolewa, na ndiye pekee nyumbani mle aliyenichukulia kama mtu wa kawaida. Kwenye bariyeri askari alichungulia magunia, akauliza tunakwenda wapi, akatuambia turudi kabla ya saa tisa. Wifi akamwahidi embe. Tulicheka njia nzima, ziwa likituangazia upande wa kulia.

Shamba lenyewe lilikuwa miti kama ishirini hivi, nyuma ya nyumba iliyofungwa, na mzee mmoja Mrundi aliyeilinda kwa miaka mingi. Alitupokea na kingoe, ule mti mrefu wenye ndoana, akatuonya tuangalie utomvu usituchome macho. Mama mkwe alikuwa na sheria zake. Embe la achari lichumwe likiwa limejaa lakini kokwa yake bado laini, kisu kipite katikati bila kubishana. Alibonyeza ukucha karibu na kikonyo, akanusa, akasema ndiyo au apana. Maembe ya "apana" yalirudi kwa mlinzi, naye hakulalamika hata kidogo.

Kingoe hakikufika juu, na juu ndiko kulikokuwa na mazuri. Nikavua viatu. Chini ya dera langu nilikuwa nimevaa suruali ya kaka yangu, kwa sababu nilijijua. Nikapanda.

"We! Shuka! Utavunjika muguu!" mama mkwe alipiga kelele.

"Mama, fungua tu kanga!" nilimjibu kutoka juu.

Wifi na mama yake wakashika kanga pande mbili, nami nikawa nawarushia. La kwanza likampita mama mkwe begani. La pili likatua katikati. Kufika la kumi alikuwa ananielekeza mwenyewe: "Ile pale! Apana, ile ingine, kubwa!" Alikuwa anacheka, ushungi umemteleza, na mimi nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake yote. Mara kutoka milimani ukasikika mlio wa bunduki, na mwingine. Kanga ikashuka. Mlinzi akasikiliza, akasema ni mbali, na mama mkwe akainyanyua tena kanga yake. Nilikuwa nimefunga, jua kali, harufu ya embe bichi imenijaa puani hadi mate yakanitoka, na nilikuwa na furaha kweli kweli, ya kitoto.

Tulirudi na nusu gunia. Askari akapewa embe lake.

Nyumbani tulikaa uani, tukakata vipande na maganda yake, tukajaza karai kubwa la bluu. Hapo mama mkwe akafuta kisu, akaniangalia, akasema jambo nisilolitarajia.

"Chumvi utatia we, mukamwana. Viganja vine. Mi naenda kusali."

Lazima nieleze kuhusu kuonja. Kwa watu wengi, aliyefunga anaweza kugusisha chakula kwenye ncha ya ulimi akatema. Katika nyumba ile, marufuku. Ramadhani aliyeonja alikuwa mwanamke mwenye udhuru wa mwezi, na siku hiyo kati yetu watatu hapakuwa na mwenye udhuru. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya mkono wangu. Nikatia viganja vine, nikahesabu kwa sauti kama mtoto wa shule, nikachanganya, nikafunika, nikaenda kusali nikiwa na raha moyoni.

Maembe yalilala na chumvi yake usiku ule. Kesho yake tukayatandaza juu ya mabati ya stoo, yakaanikwa siku mbili. Siku ya tatu mama mkwe akayapika na siki, manjano, haradali, vitunguu saumu na pilipili, mimi nikikoroga na yeye akinielekeza. Rangi ilikuwa ya kupendeza. Tukajaza chupa tisa za mdomo mpana, na alasiri hiyohiyo akatuma salamu kwa ami wawili wa mume wangu waje kufuturu. Niliielewa maana yake. Kwa mara ya kwanza kitu kilichopitia mkononi mwangu kingewekwa mbele ya wageni.

Adhana ikaadhiniwa. Tende, maji, uji. Kisha wali na samaki, na achari katikati ya sinia. Ami mkubwa akachota tonge na kipande kikubwa, akatia mdomoni.

Akaacha kutafuna. Macho yakamtoka. Alimeza kwa ushujaa, akanywa maji bilauri nzima, akanyoosha bilauri apewe mengine. Ami mdogo alidhani ni pilipili, akaonja naye, akainuka kwenda kutema. Mume wangu akaniangalia kwa huruma iliyoniudhi. Nikaonja mwenyewe. Ilikuwa chumvi tupu, chumvi ya kukausha samaki.

Uso uliniwaka moto. Nilivihesabu viganja vile! Vine, wala si vitano! Lakini nani angeniamini? Nikameza, nikasema, "Nisameheni. Chumvi nilitia mimi."

"Apana," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Ni mi. Nilikuta karai limefunikwa, chumvi juu haionekani, nikafikiri wifi amesahau. Nikatia viganja vine, ili Mama asimugombeze."

Nilitaka kumkumbatia na kumfinya kwa wakati mmoja. Mume wangu akaanza kucheka, akamwona mama yake, akaacha.

Mama mkwe alikuwa ameinamia sahani yake. Angeweza kunyamaza. Wawili tulikuwa tumekiri tayari na hesabu ilitosha. Lakini alikuwa amefunga siku ile, na nadhani saumu yake haikumruhusu.

"Hata mi nilitia," akasema. "Nilitoka kusali, nikatia viganja vine. Nilimupa kazi, halafu sikumuamini mukono wake. Mbele ya wageni wangu, mukamwana, unisamehe."

Iliniuma, sitasema uongo. Kusikia kwamba hata ile kazi moja hakunipa kwa moyo kulinichoma. Ila mwanamke yule mbele ya shemeji zake kuniomba radhi mimi, binti wa fundi! Nililia na kucheka pamoja. Ndipo ami mkubwa, bilauri ya tatu mkononi, akasema, "Viganja kumi na viwili! Munataka kutuhifadhi sisi ndani ya chupa?" Sinia nzima ikaangua kicheko, na wifi akacheka mpaka akalala kwenye mkeka.

Achari haikutupwa, kwa sababu chakula miaka ile hakikutupwa. Dawa yake ilikuwa kuongeza maembe mengine yasiyo na chumvi. Asubuhi mama mkwe akaniambia niende Kibenga na mume wangu, mimi peke yangu nichague. Yeye hakuja. Nilibonyeza ukucha karibu na kila kikonyo, nikanusa, nikampa mlinzi yangu ya "apana".

Niliporudi, alikuwa amehamisha kiti chake kutoka uani hadi barazani, mbele kabisa, amegeuzia jiko mgongo. Amemkalisha wifi pembeni yake na kumpa nguo za kushona, ili asipate nafasi ya kunihurumia tena. Nilikata, nikaanika, siku mbili baadaye nikachemsha yale ya mwanzo na haya mapya pamoja, nikaongeza siki, nikajaza chupa. Muda wote huo hakuingia. Nilimsikia akikohoa, akiinuka, akikaa tena. Ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko saumu yenyewe, na mimi huku jikoni nilikuwa naimba.

Jioni hiyo tulifuturu watu wa nyumbani tu. Akanywa maji, akala tende tatu, kisha akachukua kipande cha achari kabla ya mtu yeyote. Akatafuna polepole, amefumba macho. Wifi alinishika goti.

Akafumbua macho.

"Imepunguka chumvi," akasema.

Wifi akapaliwa na uji. Mama mkwe akanyoosha mkono, akavuta kopo la chumvi lililokuwa karibu yake, akalisukuma juu ya mkeka mpaka likagusa goti langu.

"Ongeza we," akasema. "Mi sigusi."