Siku ya Drahomíra, Kesho Yake ya Čeněk

Kwetu kila siku ya mwaka ina jina la mtu. Siku ikifika, mwenye jina huletewa maua, naye huwalisha wenzake. Julai kumi na nane ni ya Drahomíra. Kumi na tisa ni ya Čeněk. Mimi, Leopold, nimetupwa Novemba kwenye matope.

Drahomíra alikuwa mke wangu. Čeněk alikuwa mwenzake kazini. Aliyepanga kalenda hakuniuliza.

Drahomíra alizaliwa kusini, kwenye mizabibu. Alipomaliza shule alipelekwa kiwanda cha sufu hapa mjini Brno. Hakuwekwa kwenye mitambo ya kufuma. Aliwekwa ghorofa ya juu, ambako kompyuta moja ilikuwa imejaza chumba kizima. Kazi yake ilikuwa kutoboa kadi za kuilisha. Tundu moja likikosewa, sufu ya mwezi mzima imehesabiwa ovyo. Wenzake walichoka, wakaolewa, wakaacha. Yeye alichoka, akaolewa na mimi, hakuacha.

Nilimkuta kwa shangazi yake. Nilikwenda kujenga jiko, yale makubwa ya vigae ya kupashia nyumba joto. Ndiyo kazi aliyonifundisha baba; shule sikukaa. Akasimama nyuma yangu, akauliza moshi utapita wapi. Nikamwambia hilo haliulizwi. Kwetu wajenzi wa majiko, vigae vya nje ni vya mwenye nyumba, njia ya moshi ya ndani ni ya fundi. Baba alikuwa akiijenga mlango umefungwa.

"Basi nitaolewa na wewe nijue," akasema.

Yeye alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Kiwanda kilipofungwa akaajiriwa Kovárna. Jina hilo maana yake karakana ya mhunzi, lakini nyundo hamna. Wanatengeneza programu za kompyuta kubwa, zile seva zinazowekwa kwenye vyumba vya baridi vya hospitali, mabenki na reli. Wana tabia moja iliyonishinda. Programu ikiisha, maandishi yake ya ndani wanayaweka wazi. Mtu yeyote, awe Ureno awe Brazili, anayachukua bure, anayasoma, anayabadilisha apendavyo. Wao wanalipwa na hao wakubwa wenye seva kwa kuitunza tu.

"Fundi gani anaacha jiko lake wazi watu wachungulie ndani?" nilimwuliza.

"Fundi anayetaka aonyeshwe ufa kabla nyumba haijaungua, Polda." Polda ndilo jina langu la nyumbani.

"Ufa nauona mwenyewe."

"Wewe una macho mawili. Sisi tuna macho ya dunia nzima."

Sisi. Hilo sisi ndilo lililonichoma. Ndani yake alikaa Čeněk.

Čeněk ni mrefu, hana mke, na huvaa viatu vya kupandia milima hata ofisini. Meza yao ilikuwa moja. Yeye alipata asubuhi za mke wangu. Mimi nilipata jioni, macho yake yamekuwa mekundu, chakula anakila bila kukiona. Na kwa kuwa siku zao zinafuatana, ofisini waliona hakuna haja ya sherehe mbili. Walifanya moja. Drahomíra alipeleka mikate ya kupaka, ile yenye yai na nyama juu, Čeněk akaleta pombe kali ya plamu. Picha zipo. Wamesimama katikati, wameshika sinia moja, kama maharusi.

Kila mwaka alirudi na maua marefu mekundu.

"Ya nani?"

"Ya ofisini."

Niliyatia maji mwenyewe.

Alikufa Februari, theluji haijaisha. Ugonjwa siuelezi. Kitandani silali tena, nalala kwenye benchi lililojengwa pamoja na jiko.

Juni Čeněk akaja nyumbani. Nilikuwa na shemeji Blažena, mdogo wa marehemu, anayeishi ghorofa ya chini na huniletea supu ili apate mahali pa kusema. Čeněk alivua viatu mlangoni. Soksi yake moja ilikuwa na tundu. Nilifurahi kuiona.

"Bwana Leopold," akasema, "nimetumwa na ofisi. Ile programu mpya aliyokuwa akiifanya Drahomíra imekaribia."

"Inafanya nini?" Blažena akauliza.

"Inagawa kazi, mama. Seva ziko nyingi. Watu wakija wote kwa pamoja, kama asubuhi reli inapouza tiketi, mzigo usiangukie moja ikaungua. Na yote tunaiweka wazi, hakuna kitakachofichwa. Haijawahi kutoka kubwa kama hii kwetu."

"Sasa mimi nahusikaje?" nikasema.

Akatazama mikono yake. Kovárna wana desturi. Kila programu inapewa jina la mwenye siku ambayo programu inatolewa. Wanaye Bonifác, wanaye Žofie. Hospitali nzima inaendeshwa na Bonifác na hakuna anayecheka. Lakini siku ikiwa ya mtu wao, huombwa kwanza. Akiwa amekufa, huombwa watu wa nyumba yake.

"Tunataka itoke Julai kumi na nane," akasema. "Iitwe Drahomíra."

"Hapana."

"Bwana Leopold."

"Kila mtu ataichukua?"

"Kila mtu."

"Watasema Drahomíra amekwama. Drahomíra ameanguka. Hebu mzimeni Drahomíra, mumwashe upya."

Čeněk hakunidanganya. "Watasema," akajibu.

"Watu nisiowajua."

"Wengi hata mimi siwajui."

"Basi hapana. Jina la mke wangu si kopo la maji la njiani."

Akainuka. Alipofika kwenye viatu vyake akasema kwa sauti ya chini, "Reli tumewaahidi isivuke kumi na tisa. Isipotoka kumi na nane, itabidi iwe kumi na tisa."

Blažena aliweka kijiko chini. "Kumi na tisa si ya Čeněk?"

Yule bwana akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikuipanga mimi, mama."

Mlango ulipofungwa Blažena akacheka mpaka akashika meza. "Shemeji, Mungu akuweke. Dada yangu kaitolea jasho, wewe umeibandika jina la huyu mwenye soksi."

"Nyamaza."

"Mimi nanyamaza. Reli haitanyamaza. Treni imechelewa, nani kaiokoa? Čeněk."

Supu ile sikuinywa.

Siku zilizofuata nilikaa na jambo hilo kama kaa la moto mkononi. Nikikubali, jina lake linakwenda kwa watu wote, na anayelishika wa kwanza ni Čeněk. Nikikataa, kazi yake inakuwa ya Čeněk kabisa. Huku Čeněk, kule Čeněk. Kila asubuhi Blažena alipita mlangoni: "Haya, Čeněk wetu hajambo?"

Nikapanda tramu nikaenda Kovárna. Nilikuwa nimeamua kuwaomba waitoe bila jina. Mtoto hazaliwi na jina, nayo iende hivyohivyo.

Sikuwahi kufika pale Drahomíra akiwa hai. Alinialika kila Julai, nami kila Julai nilikuwa na jiko la kujenga. Čeněk alikuja kunipokea, akanipitisha kati ya vijana waliovaa kaptula. Meza yao ilikuwa dirishani. Kiti cha Drahomíra kilikuwapo, mto wake mgongoni. Hakuna aliyekikalia.

Ukutani, juu ya meza, palikuwa na ubao mweupe. Nilisimama. Mchoro ule niliujua kabla sijaujua. Moto chini. Moshi unapanda, unakutana na tofali, unashuka pembeni, unazunguka nyuma ya benchi, unapanda tena, ndipo unapata dohani. Ile kona ya nyuma ni ya baba. Hakuna fundi mwingine katika jimbo letu la Moravia mwenye kona ile.

"Hiki ni nini?"

"Jiko lako," Čeněk akasema.

"Nani kawaonyesha?"

"Nani tena. Tulikuwa tumekwama. Mzigo ulikuwa ukiingia na kutoka moja kwa moja, seva ya mbele inaungua, za nyuma baridi. Akasimama hapo na kalamu. Akasema, mume wangu hauachii moshi uende zake. Anauzungusha uache joto kila mahali kwanza. Akachora. Programu yote imejengwa juu ya hicho. Hakuna anayeruhusiwa kufuta."

Nilitafuta pa kushika. Nikashika kile kiti.

"Nilimwonyesha yeye tu. Ameuza siri ya baba yangu."

"Hakuuza. Ametoa bure."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Čeněk alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha pili. Akawa mfupi ghafla.

"Nikwambie kitu, Mzee Polda. Unadhani nilikaa hapa na mwanamke mmoja. Nilikaa na ninyi wawili. Asubuhi, Polda kasema hivi. Mchana, Polda kanifungia mkate huu. Mvua ikinyesha, sijui Polda yuko juu ya paa la nani. Unajua ilivyo kukaa na mtu anayemtaja mwingine kutwa?"

"Najua," nikasema. "Mimi nilikuwa namsikia Čeněk jioni."

Akanitazama. Hakucheka, nami sikucheka. Kijana mmoja alikuja na kahawa, akaona nyuso zetu, akarudi nayo.

Nilipokuwa kwenye tramu nilikuwa na hotuba. Haikuwapo tena. Kona ya baba ilikuwa imeshatoka, na aliyeitoa alikuwa anajua thamani yake, maana aliolewa nayo. Kama njia ya moshi yangu inakwenda Brazili, haiwezi kwenda na jina la mtu mwenye viatu vya mlimani.

"Iwe kumi na nane," nikasema. "Isivuke. Nitakuja kukaa hapa mpaka itoke."

"Hutuamini?"

"Wengine nawaamini."

Siku yenyewe nilipeleka mikate, maana ni desturi, na mwenye nyumba nilikuwa mimi. Niliipaka mwenyewe. Mayai yalikatika vibaya. Walikula wote, wakasema ni mizuri, na nilijua ya Drahomíra ilikuwa mizuri zaidi kwa sababu mmoja aliteleza ulimi akasema, "Kama ya," akanyamaza.

Nikakaa kwenye kiti cha mke wangu. Saa za mchana wakawa wanatembea haraka. Jaribio moja lilikuwa limekataa. Seva ya mwisho ilikuwa haipati kitu, kama chumba cha nyuma kwenye nyumba yenye jiko baya. Msimamizi, bwana mwenye kipara, akaja akatazama kioo cha kompyuta.

"Tuache mpaka kesho," akasema. "Kesho tutakuwa na akili safi. Kuna ubaya gani?"

Ofisi nzima ikamtazama Čeněk. Wote walikuwa wanaijua kalenda. Nami nilimtazama. Nilikuwa nimeshika ncha za meza, na moyoni nilikuwa nimeshamhukumu.

Kesho ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa na haja ya kukaa kimya tu.

Čeněk akavua koti. "Mzee kaleta mikate leo," akasema. "Mikate ya leo hailiwi kesho."

Akainama kwenye kompyuta. Aliita majina, watu wakamjibu, wakabishana kwa lugha yao ambayo ni lugha yetu lakini sikuielewa. Msimamizi alikwenda, akarudi. Wafagiaji walipoanza kufungua kabati la ndoo zao, jaribio likakubali. Mwenye siku ndiye hubonyeza, ndiyo desturi. Čeněk akausogeza ubao wa herufi mbele yangu, akanionyesha kibonyezo.

Nikabonyeza. Hakukuwa na sauti.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Iko wapi?"

"Kila mahali."

Binti mmoja aliyekaa karibu akageuka na kicheko. "Mzee, mtu wa Chile ameshaichukua."

"Mwanamume?"

"Haiandikwi, mzee."

Mpaka leo hilo sijalipenda.

Walipiga makofi. Čeněk akatoa chupa yake ya plamu, tukanywa kimoja kimoja. Halafu akafungua kabati lake, akatoa maua yaliyofungwa kwa karatasi. Marefu, mekundu. Niliyatambua kabla hajayafungua. Nilikuwa nimeyatia maji miaka yote hiyo.

"Ya ofisini," nikasema.

"Ya ofisini," akajibu.

Hakujua ayaweke wapi. Kiti cha Drahomíra nilikuwa nimekikalia mimi.

"Unakwenda makaburini?" akauliza.

"Nakwenda."

"Naweza kuja?"

Nilivaa kofia. Maua yangu nilikuwa nimeyaacha kwenye ndoo chini kwa bawabu, kanesheni nyeupe, alizozipenda. Nilifikiri kuhusu koti lile alilolivua. Nilifikiri pia kuhusu ile sinia ya kwenye picha zao.

"Leo ni siku yake na yangu," nikamwambia. "Kesho ni yako. Kesho nenda."

Akaitikia kwa kichwa. Akayatia maua kwenye maji.

Tarehe ishirini ni ya Ilja, simjui, hanihusu. Asubuhi hiyo nilikwenda makaburini mapema. Čeněk alikuwa ameshafika jana yake, alama za viatu vya mlimani zilikuwa kwenye udongo laini, zimesimama mahali pamoja muda mrefu. Maua yake alikuwa ameyaweka mbele kabisa, katikati, chini ya jina. Yalikuwa makubwa kuliko yangu.

Niliyaongeza maji. Kisha nikayasogeza kidogo pembeni, kanesheni zangu zikakaa mbele.