Mbao Kumi na Mbili za Mlango

Siku moja nikiwa mdogo nililala nyuma ya majora ya vitambaa, katika duka la Mhindi mjini Thika. Mama alikuwa kwenye veranda, fundi akimpima gauni. Kilichoniamsha ni mbao za mlango. Duka lilikuwa likifungwa kwa chakula cha mchana, na zile mbao zilipachikwa kutoka nje moja moja, kwa kufuata namba zake. Kila ubao ulimeza kipande cha mwanga. Ulipoingia wa kumi na mbili, ikabaki giza na harufu ya dawa ya nondo.

Niligonga mpaka mikono ikaniuma. Nilimsikia mama akiita, "Nyambura! Nyambura we!" Yeye hakunisikia; alikuwa ameshafika barabarani akinitafuta, na kuta zilikuwa nene, za mawe.

Kisha kiti kikalia gizani. Alikuwa bibi kizee wa duka, mama yake mwenye duka.

"Shosho, hata wewe wamekufungia?"

"Kaa hapa, toto," alisema, akinipa kipande cha chapati. "Saa nane watafungua."

Nilimhurumia sana. Sikujua kwamba yeye alikuwa nyumbani kwake.

Juzi nilipita pale. Ukutani pana kibao kipya: jengo la kihistoria, lisibomolewe wala kubadilishwa. Mjukuu wa yule bibi, mvi zimemjaa, alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile.

"Hata msumari siwezi kupiga bila ruhusa," aliniambia. "Na kununua, hakuna anayetaka."

Nilitaka kumwambia kwamba saa nane watafungua.