Kikao cha Kujikosoa

Nilijifunza Kiingereza peke yangu, kwa kamusi, ili nisome habari za vijana wa Kimarekani waliotega mabomu katika majengo ya serikali yao wakati wa vita vya Vietnam. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mkimbizi kutoka Bujumbura. Nilipokosea neno moja katika kunakili habari hizo daftarini, nilichana ukurasa mzima. Baadhi ya vijana hao waliuawa na bomu walilokuwa wakilitengeneza wenyewe, nyumba ikawaangukia. Lakini kilichonishika ni vikao vyao vya kujikosoa: mmoja huketi katikati, wenzake wakamchambua kwa saa nyingi mpaka hofu imtoke au avunjike.

Nikaona hicho ndicho kitu kilichokosekana katika kikundi chetu cha wakimbizi tuliotaka mapinduzi nyumbani. Tulikuwa wanne, tukikutana Jumapili alasiri jijini Brussels, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, katika saluni ya maman mmoja wa Bukavu.

Wa kwanza kuketi alikuwa rafiki niliyeishi naye chumba kimoja, mtu pekee niliyekuwa naye mjini humo. Nilimwandalia maswali kumi na saba, nikashika kalamu niandike majibu. La kumi na mbili liligusa siri aliyoniambia mimi tu. Nilijua linaweza kunipotezea yeye. Nikaliuliza.

"Askari walipoingia kwenu, kaka yako alikuita. Kwa nini hukurudi?"

Wengine walidhani ni mchezo. "Alors, camarade, jibu!" mmoja akacheka. "Ama ulimi ulibaki Buja?"

"Wacha hiyo, ndugu," rafiki yangu akasema. "Nakuomba."

"Mwanamapinduzi haombi," nikamjibu, nikarudia swali. Nilipolirudia mara ya tatu alinikamata shingoni akanibamiza uso kwenye kioo. Jino likakatika. Nikashika kitana cha chuma nikampiga juu ya jicho. Akaniachia. Nikampiga tena, na tena, na tena. Alikuwa ameshaniachia, hilo sijawahi kumwambia mtu.

Maman aliingia akapiga kelele. "Bana wangu, munauana mu saloni yangu? Nani alianza?"

Rafiki yangu alikuwa magotini kwenye vipande vya kioo, damu ikimfumba jicho. Hakumtazama maman. Alinitazama mimi.

"Aliita mara mbili," akasema. "Ya tatu haikuja. Andika, basi."

Maman akamfunga taulo kichwani, akamshika mkono, wakatoka kuelekea barabara ya Chaussée de Wavre kutafuta daktari. Chumbani hakurudi tena. Na mimi, mdomo ukivuja damu, nilipiga magoti palepale alipokuwa, nikapapasa chini ya viti nikitafuta kalamu.