Udongo wa Mama na Gari la Hamali

Nilijipaka udongo wa kula wa mama yangu viganjani na midomoni ili nisifanye mtihani wa Bayolojia. Haya, nshasema. Chekeni mmalize, halafu mnisikilize.

Ni ule udongo mweupe unaouzwa soko la Darajani kwa mafungu, wanaoutafuna wanawake wenye mimba (mama yangu hana mimba, mdogo wangu wa mwisho ana miaka tisa, lakini kila nikifungua kabati naukuta umefichwa nyuma ya kopo la unga, na mie si mpelelezi, sikuuliza). Mtihani ulikuwa juu ya damu, na katika kitabu kizima nilisoma ukurasa mmoja tu, ule unaosema mtu aliyepungukiwa damu huwa mweupe viganja, midomo na ndani ya kope. Nikaona hapa nshapata dawa.

Asubuhi nikaurowesha udongo, nikajipaka kidogo kidogo kama bi harusi, nikajilaza. "Mama, naona kizunguzungu."

Nilitarajia aniambie lala, mwanangu, nikuletee uji. Nilisahau kuwa kaka yake, mjomba wangu, alikuwa na seli mundu, zile chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu na kuziba mishipa, na alizikwa angali kijana. Mama alipotazama viganja vyangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa chini taratibu, akasema, "Ya Rabbi, na huyu pia?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Sikusema (mdomo ulikuwa umejaa udongo, na mtihani ulikuwa saa mbili).

Motokaa haiingii kichochoroni kwetu, kwa hiyo mama akamwita hamali aliyekuwa akipita na gari lake la kusukuma, ndiyo kwanza katoka kushusha magunia ya papa mkavu, na mie nikapakiwa pale pale palipotoka papa, nikifunikwa kanga mpaka shingoni. "Njia! Njia! Mgonjwa!" Hamali anavuta, mama anasukuma kwa nyuma huku akihema kuliko mgonjwa mwenyewe, wazee barazani wakaacha bao lao wakaniombea dua, na ile njia, ndugu zangu, inapita mbele ya lango la skuli, ambapo darasa zima lilikuwa nje linangoja mtihani.

"Jamani, mwenzetu anapelekwa mnadani!" Haji, rafiki yangu kipenzi, alipaza sauti.

"Harufu hiyo, huyo kaoza tangu jana!" akajibu mwengine.

Nikafumba macho nikajifisha kwa hiari yangu.

Hospitali alikuwapo daktari mmoja, mwanamama wa makamo, akanitoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kimashine. Akakitazama. Akanitazama mie.

"Unasoma?"

"Naam, kidato cha tatu."

"Hemoglobini kazi yake nini?"

"Inabeba oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka mwilini, na ndiyo inayoipa damu wekundu." (Mpaka leo sijui nilijulia wapi, labda mwalimu akisema, mie nimelala, yanaingia yenyewe.)

"Upungufu wa damu uko wa namna gani?"

"Wa kukosa madini ya chuma, wa kukosa vitamini, wa kurithi kama seli mundu, na wa…"

"Na wa kujipaka," akamalizia, akapitisha pamba ya spiriti kiganjani mwangu, ikatoka nyeupe. "Damu yako kumi na nne. Unaweza kuwagaia wenzio."

Mama akashusha pumzi, "Alhamdulillahi," kisha akanigeuzia macho, nami nikaanza kupima umbali wa mlango. Lakini daktari alikuwa bado anainusa ile pamba. "Udongo wa kula huu. Wa nani?"

Mama akajitanda mtandio wake vizuri, akatazama sakafu.

"Njoo weye, mama."

Alipomvuta kope ya chini, ndani mlikuwa mweupe kama tui. Kimashine kikasema saba.

"Saba! Na umesukuma gari mpaka hapa?"

Akatueleza kuwa mwili ukikosa chuma humtamanisha mtu udongo, na udongo nao huzuia chuma kuingia mwilini, na ile chai ya rangi anayokunywa kila akimaliza kula inazidi kukizuia. Nikakumbuka ngazi zetu. Nikifanya kosa hukimbilia darini, na mama akinifukuza siku zote hukomea ghorofa ya kwanza, kashika ukuta, nasi tukimcheka kuwa kazeeka. Tungeendelea kucheka mpaka lini?

Mama akapewa vidonge. Nyumbani maini, mchicha wa kukamuliwa ndimu, chai ikasogezwa mbali na sahani, udongo ukatupwa. Mtihani niliufanya peke yangu, skuli jina langu sasa ni Papa, na nimeapa sitojipaka tena kitu ila mafuta ya nazi.

Juzi karudi kupima: kumi na mbili. Nilikuwa darini nasikia kandambili zinapanda, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hazisimami. Mama akatokeza mlangoni, hahemi hata kidogo, kandambili moja kashaivua iko mkononi, akasema:

"Siku ile sikukufanya kitu kwa sababu nilikuwa sina pumzi ya kukufukuza. Leo nnayo."